Karani wa Ndugu Mchumi

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, tena nimevaa viatu vya Mama Mdogo, namba mbili zaidi ya mguu wangu. Nawaambia mapema ninyi wa kidato cha kwanza, msije mkadhani sisi watumishi wa zamani tulizaliwa tunaijua kazi. Zamani yenyewe ni likizo ya mwaka juzi, najua, msinizomee. Mtu akistaafu amestaafu, na mimi nimestaafu. Kaeni vizuri niwasimulie utafiti ulivyofanywa enzi zetu.

Kazi niliipata kwa sababu ya mdomo. Siku ya kufunga shule Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, nikaenda nimeshavaa sketi mbili, maana nilijua ni viboko vya ile habari ya mbuzi aliyekutwa bwenini. Kumbe siyo.

"Amekuja mtaalamu wa uchumi," alisema. "Anatafiti biashara ndogondogo za mwambao wetu. Anataka mwanafunzi anayejua Kiha na Kiswahili, anayeandika haraka. Walimu wote wamekutaja wewe."

"Kwa akili, mwalimu?"

"Kwa kuongea. Miaka miwili unaongea bure darasani. Sasa nenda kaongee kwa faida ya taifa."

Bosi wangu nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni karibu na stesheni, soksi zimepandishwa hadi magotini, faili mapajani. Rika lake ni la marehemu baba yangu, lakini mnajua wenyewe, siku hizi kila mtu ni ndugu.

"Shikamoo, Ndugu Mchumi."

"Marahaba, Ndugu Karani. Tulisema saa ngapi?"

"Saa moja, Ndugu. Ni hivi viatu."

Alivitazama viatu kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya kijiji. "Kesho njoo peku," akasema, "lakini njoo saa moja."

Hapohapo ngazini akanifundisha kazi. Hojaji ni karatasi ya maswali, na kila mtu huulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, hata kama jibu unaliona kwa macho yako. Sampuli maana yake hatuulizi kila nyumba: tunaruka tatu, tunaingia ya nne. Nikauliza, na kama ya nne ina mbwa? Akasema, "Unauliza kwa mbali." Alisema neno hilo bila kucheka, na mpaka tunaagana sikujua kama ulikuwa utani.

Yeye mwenyewe alianza kama mimi. Kabla ya Uhuru alikuwa karani kwao Singida, akiwabebea wazungu madaftari. Uhuru ulipokuja akapelekwa kusoma uchumi, na tangu hapo alikuwa amezunguka nchi nzima akiwauliza maswali wafinyanzi, wahunzi, washona makobazi na wachoma mkaa. Nilimuuliza kwa nini hatafiti vitu vikubwa kama wenzake.

"Pamba ina ofisi yake," akanijibu. "Kahawa ina ofisi yake. Maandazi hayana mtu wa kuyasemea."

Kisha akanieleza kilichomleta Kigoma. Ofisi iliyomtuma ilitaka kujua sehemu ipi ya mwambao watu wana kazi, na ipi hawana. Ambako ingeonekana hawana, wangehamishiwa vijiji vipya vya kilimo, huko juu mbali na ziwa. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwa kweli nilikuwa nawaza chakula cha mchana.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Katonga. Pale ndipo nilipojifunza kwamba mwambao wetu wote hauna mfanyabiashara hata mmoja. Mama mmoja alikuwa amekaa nyuma ya lundo la dagaa lililomfunika hadi kifuani, watu watatu wamesimama wakisubiri awapimie.

"Mama, unafanya biashara gani?" nikauliza kama karatasi ilivyotaka.

"Mimi? Biashara? Ala! Mimi mkulima, mwanangu."

"Na hawa dagaa?"

Akawatazama kama ndiyo kwanza anawaona. "Hawa? Wamepita tu."

Siku nzima ikawa hivyo. Fundi baiskeli mkulima. Muuza vitenge mkulima. Mfanyabiashara siku zile alionekana ndugu yake mnyonyaji, nani angekubali kuandikwa? Tena Kiswahili walikijua wote, ila wakiona mtu mwenye faili walikisahau ghafla, wakabaki na Kiha, na mimi nikabaki kiungo muhimu wa taifa. Jioni Ndugu Mchumi alikata neno "biashara" kwa kalamu kwenye kila karatasi, akaandika "shughuli". Kesho yake kila mtu alikuwa na shughuli. Nilimpenda kuanzia hapo. Alikuwa mtu anayekubali kwamba swali linaweza kuwa jinga kuliko jibu.

Kutoka Katonga tukahamia Kibirizi, na hapa nawaomba mwache kuchezea kalamu mnisikilize.

Kibirizi ni nyumbani. Baada ya mama kufariki nilichukuliwa na mdogo wake, huyo Mama Mdogo wa viatu, na yeye ameanika dagaa kwenye mchanga wa Kibirizi tangu sijazaliwa. Jembe pekee nililowahi kuliona kwetu ni lile la kwenye nembo ya taifa, kwenye jalada la daftari. Mnaojua kwetu mnajua pia kwamba dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai, dagaa wakaifuata taa, wakachotwa kwa lusenga, ule wavu wa mfuko. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawana haja na karabai, maana ziwa lote ni taa. Basi maboti yanavutwa mchangani, na watu wanapumzika siku kadhaa mpaka mwezi upungue. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilidhani dunia nzima inajua.

Sisi tulifika siku ya mwezi mpevu.

Mchanga ulikuwa mweupe, hauna hata dagaa mmoja. Wanaume wamelala chini ya maboti, wengine wanacheza bao, wengine wanashona nyavu polepole kama watu wasio na deni na mtu. Wanawake walikuwa wanasukana. Mama Mdogo alikuwa amelala mkekani saa nne asubuhi, mdomo wazi.

"Hawa wote wana nini?" Ndugu Mchumi akauliza.

"Wanasubiri Mungu azime taa yake," nikasema, wote waliosikia wakacheka. Ndugu Mchumi hakucheka. Alifikiri ndiyo tabia yangu, na ilikuwa tabia yangu. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa jua, akaniambia, "Wewe ni wa hapa, endelea na fomu. Mimi nitakaa na mzee wa mtaa."

Wa kwanza nilimkuta Mjomba Rajabu, kaka yake Mama Mdogo, mvuvi, bingwa wa maneno wa ukoo mzima baada yangu. Alikuwa kalala chali.

"Eeh, serikali imekuja!" akapaza sauti. "Jamani, karani gani huyu amevaa mitumbwi miguuni? Redio, ukifika Kongo na viatu hivyo utusalimie!"

Redio ni mimi. Wanaume ishirini na kitu wakanicheka mpaka bao likasimama. Basi nikafungua hojaji. Kulikuwa na swali linalosema: *Kama hayupo kazini, sababu ni nini?* Nikaandika kwa mwandiko mzuri: *Amechoka kupumzika.* Niliona nimempata. Nikaendelea na jirani yake: *Usingizi wa kurithi.* Mwingine: *Anaulinda mkeka usiibwe.* Kwa Mzee Ntahondi, mvuvi mkongwe kuliko wote pale, niliandika *Alizaliwa amelala.* Nilijaza karatasi thelathini nikicheka peke yangu, kisha nikamkabidhi bosi faili. Akaniambia, "Umefanya haraka, Ndugu Karani. Asante." Sijawahi kuona asante iliyokuja kunichoma kama hiyo.

Tulihamia Ujiji, na zile siku mbili tatu bado nazikumbuka kwa hamu. Mafundi cherehani barazani, wasaga unga, akina mama wa mtaa wa Kasingirima na sinia za maandazi. Kila nyumba walitukaribisha ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese. Ndugu Mchumi alikula, akafuta mikono, akauliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Alijua kumsikiliza mtu mpaka mtu mwenyewe akashangaa kwamba kumbe ana mambo ya kusema. Mama mmoja alipomaliza kujibu akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza maandazi naanza saa ngapi." Nilitaka kutia neno la utani, nikaishia kuandika jibu lake.

Siku ya mwisho tulikaa baraza ya fundi cherehani. Ndugu Mchumi alikuwa amemaliza rasimu, yaani ripoti ambayo bado inasahihishwa. Ilikuwa iondoke na treni ya Jumamosi. Akanisomea ili nihakiki majina.

"Kibirizi," akasoma. "Nguvukazi isiyotumika ni kubwa mno. Hiyo ni watu wenye uwezo wa kufanya kazi ila hawana kazi. Wakazi, kwa kauli zao wenyewe, hushinda bila shughuli. Wapo waliotaja kuchoka kupumzika na usingizi wa kurithi." Akainua macho. "Hili sikulielewa. Nikadhani ni ugonjwa wa huku, nimependekeza wapimwe."

Fundi alisimamisha cherehani.

"Kwa hiyo napendekeza," akaendelea, "Kibirizi wawe wa kwanza kuhamishiwa kijiji kipya cha mahindi. Ardhi ipo."

Akilini nilimwona Mama Mdogo ameshika jembe. Nilimwona analishika kwa upande wa chuma.

"Ndugu Mchumi," nikasema, "hawakusema."

"Hawakusema nini?"

"Hayo. Niliyaandika mimi. Sikuwauliza. Mjomba alinicheka viatu, nikaandika. Nilikuwa natania."

"Zote?"

"Zote thelathini. Na siyo kwamba hawana kazi. Ulikuwa mwezi mpevu. Mwezi ukiwaka dagaa hawaji kwenye karabai. Wanapumzika mpaka upungue, halafu hawalali tena. Nilidhani unajua. Nilikwambia wanasubiri Mungu azime taa."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniliza. Alifunika kalamu yake.

"Kwetu Singida mwezi ukiwa mpevu watu wanacheza ngoma," akasema taratibu. "Sikujua kuna mahali mwezi unasimamisha kazi. Ningeuliza ningejua. Nimeuliza watu maswali miaka yote hii, siku hiyo nikamwachia mtoto faili kwa sababu ya kichwa." Akanitazama. "Ndugu Karani, mtabibu akikosea anakosea kwa mtu mmoja. Sisi tukikosea, mtaa mzima unafungasha."

Tulikwenda posta. Akaandika telegramu kwa mkuu wake: RIPOTI BADO. NASUBIRI GIZA.

Karani wa posta aliisoma mara tatu. "Ndugu, hii niitume kweli?"

"Itume."

Majibu yalikuja alasiri ya kesho yake: GIZA LIPI. RUDI NA TRENI.

Ndugu Mchumi alikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. Jumamosi treni iliondoka tukiwa tumesimama wote wawili tunaitazama. Nilimuuliza kama atafukuzwa kazi. Akasema, "Inawezekana. Sasa twende, una kazi ya kufanya."

Kazi yenyewe ndiyo adhabu yangu. Aliniamuru nirudi Kibirizi, nimwendee kila mtu niliyemjazia fomu, nimsomee kwa sauti nilichokiandika juu yake, ndipo nikikate na kumuuliza upya. Yeye angekaa kando bila kusema neno.

Nilianza nyumbani. Mama Mdogo, ambaye naye nilimjazia fomu, alinisikiliza mpaka mwisho, hadi neno mahindi. Hakunipiga, hakunitukana. Alinyoosha mkono.

"Viatu."

Nikavivua. Kuanzia hapo utumishi wangu niliufanya peku.

Mjomba Rajabu aliposomewa *amechoka kupumzika* aliwaangalia wenzake, wenzake wakamwangalia. Halafu bao likapinduka kwa kicheko. Mpaka leo hii akichelewa kushuka botini wanamwita Bwana Mchovu, na mwenyewe ameshaanza kuitika. Kwa wengi ilikuwa hivyo, aibu kidogo, kicheko, kisha majibu ya kweli. Nilianza kuona nimepona.

Kisha nikafika kwa Mzee Ntahondi, aliyekuwa anashona lusenga yake.

"Mwakeye, Mzee," nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu. Na mimi umeniandika nini?"

"*Alizaliwa amelala*, Mzee."

Hakucheka. Alivuta uzi, akaufunga fundo, akaukata kwa meno.

"Baba yangu alinileta mchanga huu nikiwa mgongoni. Sijui mahindi yanapandwa kwa kichwa au kwa mkia. Ungenipeleka wapi?"

Nilikaa chini mchangani, nikakata yale maneno, nikamuuliza upya tangu swali la kwanza, nikamsikiliza mpaka kivuli cha boti kikahama.

Baada ya siku chache mwezi ukapungua, mitumbwi ikaingia ziwani. Kulipokucha Ndugu Mchumi alikuwa amesimama mchangani na soksi zake, kalamu mkononi. Maboti yakatokeza yakiwa yamezama hadi karibu na ukingo, karabai bado za moto. Mara pwani nzima ikalipuka. Wanawake waliingia majini hadi kiunoni na makarai vichwani, wapagazi wanasukumana, watoto wanaokota dagaa walioanguka, Mjomba Rajabu sauti imemkauka kwa kuita. Mchanga uligeuka fedha kuanzia majini hadi kwenye nyumba. Ndugu Mchumi aliandika mstari mmoja, akafuta, akaandika tena, akaacha.

Mama Mdogo alipita mbio, akasimama mbele yake, akamkabidhi fimbo.

"Wewe, Ndugu Mchumi! Mikono miwili unaitumia kushika kalamu? Fukuza kunguru hao!"

Akafukuza kunguru. Alifukuza mpaka jua likawa utosini, soksi zimejaa magamba, shati limelowa. Kila akitaka kukaa Mama Mdogo anampigia kelele, "Kule, mtaalamu! Wawili wale!" Dagaa walipoanza kukauka ndipo akamletea maji ya kunywa.

"Haya, uliza swali lako sasa," akamwambia. "Nani hapa hana kazi?"

Ndugu Mchumi alikunywa maji yote kwanza. "Kunguru," akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitania waziwazi, na Mama Mdogo alicheka mpaka akashika magoti.

Tulirudia fomu zote. Kwenye kila karatasi Ndugu Mchumi alichora kwa rula safu mpya, akaipa kichwa: *Hali ya mwezi.* Ripoti ikaandikwa upya, nikahakiki majina, nikahakiki tena bila kuambiwa. Alisema ataipeleka kwa mkono wake na kuitetea mwenyewe.

Siku ya kumsindikiza stesheni, nilikuta viatu vya Mama Mdogo vimewekwa mlangoni, vimepakwa mafuta ya mawese viking'ara. Sikuuliza. Nilivaa. Ndugu Mchumi alishusha kichwa dirishani, akaviona, akasema, "Leo umewahi." Treni ikaondoka, na utumishi wangu ukaishia hapo. Hakukuwa na hotuba wala saa ya ukutani.

Hajafukuzwa. Kibirizi hawakuhamishwa, wameandikwa kijiji cha uvuvi, na Mama Mdogo bado hajashika jembe. Juzi nimepata barua kutoka kituo chake kipya, mbali huko, kwa wachonga vinu. Ameandika: *Nimefika nimekuta watu wamekaa. Sijaandika kitu. Nimewauliza wanasubiri nini.*

Wadogo zangu, ninaikumbuka sana kazi ile. Naikumbuka harufu ya faili na mawese, zile nyumba tatu za kuruka, na watu kuniita Ndugu Karani bila kucheka. Utani sijaacha, mtu asiwadanganye. Ila sasa kabla sijamtania mtu, humuuliza kwanza.

Wiki iliyopita mwalimu wa darasa alitugawia fomu za mtihani. Kuna mahali wanauliza kazi ya mlezi. Miaka yote nimeandika *mkulima*, kama kila mtoto wa mwambao huu. Safari hii nikaenda nayo nyumbani nimuulize mwenyewe. Nilimkuta amelala mkekani saa sita mchana, mdomo wazi, maboti yote yamevutwa mchangani. Sikumwamsha. Nikakaa kando yake nikaandika: *Anakausha na kuuza dagaa.* Nafasi ilikuwa imebaki kidogo, nikaongeza: *Leo anasubiri giza.*

Mwalimu ameniita kesho ofisini nikaieleze. Nitavaa sketi moja tu.